Siku Niliyomwambia Mwanangu Asije Kanisani

Kwa miaka mingi pale mtaani kwetu Lizaboni mimi ndiye niliyeitwa kuzungumza na vijana waliokuwa wanajiandaa kufunga ndoa. Sikuwa msomi. Nilikuwa fundi cherehani, nashona sare za shule na nguo za kwaya, lakini nilikuwa pia mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo, na watu waliiona nyumba yangu kuwa imetulia. Mke wangu hakuwa na ugomvi na mtu. Watoto wetu wawili, wa kiume aliyetangulia na wa kike aliyemfuata, walipiga goti kuwaamkia wakubwa bila kukumbushwa. Kwa hiyo kila paroko alipotafuta mtu wa kuwaeleza vijana habari za malezi, alinituma mimi, nami kila mara nilizungumza juu ya unyenyekevu.

Nyumbani kwangu kulikuwa na sheria, na ndiyo niliyokuwa nawasimulia. Aliyekosa haombewi msamaha na mtu. Anakwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa yule aliyemkosea, anasimama nje, analitaja kosa lake waziwazi, kisha anangoja. Akikaribishwa, anaingia. Asipokaribishwa, anarudi, na kesho yake anakwenda tena.

Mwanangu wa kiume aliishika sheria hiyo kuliko nilivyotarajia. Siku moja, akiwa bado shule ya msingi, yeye na wenzake walirusha mawe kuangua maparachichi ya bibi mmoja wa mtaa wa chini, wakavunja kioo cha dirisha. Wenzake walikimbia. Yeye alikwenda akasimama mlangoni, manyunyu yanamlowesha, mpaka bibi yule alipotoka uani na kumkuta. Alirudi nyumbani amekumbatia maparachichi. Bibi alimpa yeye peke yake.

Binti yangu alikuwa wa aina nyingine. Alimpiga mwenzake kofi shuleni, nikamtuma akaombe radhi, akakaa mlangoni pa watu mpaka jua likazama, amekaza taya. Aliporudi aliniambia, “Nimesema, baba. Lakini sikumaanisha.”

Mama yake alicheka. Mimi sikucheka. Nilidhani yeye ndiye atakayenisumbua.

Kijana alijifunza uashi. Alikuwa na mkono mzuri. Ukuta wake ulinyooka. Jumamosi mafundi wakishalipwa walikwenda pamoja kilabuni kunywa pombe ya komoni, naye akaenda nao. Tuliuita ujana. Wajomba zake walinicheka nilipolalamika. “Mngoni gani huyo asiyekunywa?” walisema, nami nikaacha kulalamika, kwa sababu hata mimi kwenye sherehe nilikunywa. Baadaye akaiacha komoni akahamia kwenye pombe kali za chupa ndogo, zile zinazokaa mfukoni mwa shati. Akawa anachelewa kazini. Kisha akawa haendi. Kisha mafundi wenzake wakaacha kumwita.

Hakuwa mkorofi. Mara nyingi nimetamani angekuwa mkorofi, tungejua la kufanya. Akilewa aliwapenda watu. Alitaka kuwakumbatia, kuwabebea mizigo, kuwasaidia kazi ambazo hakuna aliyemwomba. Alimbeba mtoto wa watu akaanguka naye. Aliingia shambani kwa mtu kule Matogoro kumsaidia kupalilia, akang’oa maharage akaacha magugu.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mwislamu kutoka Tunduru, mfanyabiashara wa korosho. Tuliishi naye vizuri. Siku ya Idi alituletea pilau, na Krismasi mke wangu alimchemshia chai katika sufuria aliyoitenga, ambayo haikuwahi kuguswa na nyama ya nguruwe. Jirani huyo aliishi na mama yake mzazi, ajuza aliyekuwa akikaa kibarazani akichambua mchele, na ajuza huyo alimpenda mwanangu. Alimwita “mume wangu”, kwa utani wa bibi na mjukuu. Hata pombe ilipokwisha kumharibu, yeye aliendelea kumwita hivyohivyo.

Ajuza alifariki. Mchana wa maziko tulikuwa wengi, Waislamu kwa Wakristo, tumesimama nje tukingoja mwili utolewe. Wanaume wakalibeba jeneza mabegani, msafara ukaondoka. Mimi nilikuwa nyuma kidogo. Nikamwona mwanangu anatokea pembeni mwa barabara, macho mekundu, anapenya katikati ya watu. Akaingiza bega chini ya jeneza. Walimwachia, labda kwa sababu hakuna aliyetaka kelele mbele ya maiti. Walipofika kwenye mtaro wa maji alijikwaa.

Jeneza liliinama upande wake na pembe yake ikagonga chini. Kitambaa kilichofunika kikateleza. Jirani yangu aliruka akaushika mwili wa mama yake kwa mikono yake miwili usitoke. Sauti pekee ilikuwa ya mwanangu, ambaye alikuwa amekaa ndani ya mtaro, akilia, “Bibi, nisamehe. Bibi, nisamehe.” Watu walilinyanyua jeneza upya, wakaendelea na safari. Mimi niliteremka mtaroni nikamtoa, nikampeleka nyumbani, nikamlaza. Kwa hiyo hata makaburini sikufika.

Asubuhi yake sheria yangu ilitaka aende mwenyewe. Lakini alikuwa hawezi kusimama. Mama yake alikuwa amekwenda shambani alfajiri, nadhani ili asiulizwe kitu na mtu. Nikamwambia binti yangu avae twende.

“Si ulisema aliyekosa anakwenda mwenyewe?” aliniuliza.

“Nyumba ni moja,” nilimjibu.

Jirani alitukuta tumesimama nje ya mlango wake. “Karibuni ndani,” akasema.

“Sitaingia kabla sijasema kilichonileta,” nikamwambia. Nikalitaja lile jambo lote, kama nilivyowafundisha watoto, bila kulipunguza wala kusingizia pombe. Binti yangu alipiga goti pembeni yangu na kuinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha anza kazi wakati huo, alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na alikuwa amevaa nguo zake za kazini.

Jirani alininyanyulia mkono kunizuia. “Jirani, mimi nilisamehe palepale. Mama amezikwa, alhamdulillahi. Yule kijana alimpenda, najua. Mwenyezi Mungu ndiye anayejua amepatwa na nini.” Kisha akaangalia chini, akasema, “Nikuombe kitu kimoja tu. Siku ya arobaini asije.”

“Hatakuja,” nikasema.

Tulipokuwa tunarudi, na ni hatua chache tu, binti yangu alisimama kati ya mlango wa jirani na wetu. “Baba, leo mimi nimeombea msamaha kosa gani?”

“La kaka yako.”

“Na langu ni lipi?”

“Unyenyekevu hauulizi kosa ni la nani,” nikamjibu. Lilikuwa jibu la tayari, nilikuwa nimewahi kulitumia mbele ya wachumba, na walilipenda. Yeye akaenda zake kazini.

Baada ya hapo tuliomba radhi kwenye milango mingi. Tulikwenda kwa mama wa yule mtoto aliyeangushwa, kwa mwenye maharage, kwa mwalimu wa kwaya ambaye mwanangu alimkatizia mazoezi ili awafundishe sauti ya nne. Mara nyingi nilikwenda na binti yangu. Nilijiambia namfundisha. Leo nadhani niliogopa kwenda peke yangu. Watu walitusamehe upesi, wengine kabla hatujamaliza kusema, na kila walivyotusamehe upesi ndivyo nilivyoona wanataka tuondoke.

Jumuiya ilipochagua viongozi upya hakuna aliyelitaja jina langu. Hakuna aliyenisema vibaya pia. Walinishukuru, wakanipigia makofi, wakamchagua mwingine. Parokiani nao waliacha kuniita kuzungumza na wachumba. Jumapili nikawa nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Wakati wa mafundisho yangu nilikuwa nawasifu watu wanaochagua benchi la nyuma. Sikujua kwamba ukiwekwa huko na watu, hata kusali ni kazi. Nilikuwa naangalia visogo vya watu na kuwaza ni nani kati yao anayetuzungumza.

Mtu mmoja alinishauri nimpeleke kijana kwa watawa, Hanga. Nilikwenda nikawaeleza, wakakubali akae afanye kazi shambani na kwenye mifugo. Nilipomtembelea nilimkuta amenawiri. Alinionyesha ng’ombe aliokuwa akiwakamua, akanitajia tabia ya kila mmoja. Mikono yake haikutetemeka. Niliporudi nilimwambia mke wangu kwamba mtoto wetu amefufuka, naye akalia kwa furaha, akasali novena ya shukrani, siku tisa.

Hata mahindi hayajakomaa, nilinyanyua kichwa kutoka kwenye cherehani nikamwona amesimama mbele ya kibaraza, kiatu kimetoboka. Hakuna aliyemfukuza. Alikuwa ameaga mwenyewe, wakamsihi abaki, akakataa.

“Kwa nini, mwanangu?”

“Kule nilikuwa mzuri kwa sababu hakuna aliyenijua, baba,” alisema. “Nikaona kama nawadanganya.”

Ulikuwa unyenyekevu, au kitu kilichofanana na unyenyekevu mpaka mimi niliyeufundisha nikashindwa kuvitenganisha. Haikupita wiki alikuwa amelewa.

Kisha binti yangu akachumbiwa. Kijana alikuwa mwalimu, mpole, wa ukoo unaoheshimika. Posa ikaja, mahari ikamalizika, kamati ya harusi ikaanza vikao nyumbani kwetu. Nyumba ilijaa watu tena, nami nikiri nilifurahi kuona viti vya jirani vikiazimwa kwa ajili yetu.

Jambo la ajabu ni kwamba habari ya harusi ilimbadilisha kaka mtu. Aliacha kunywa. Hatukusema kitu, tuliogopa kulitaja tusije tukaliharibu. Alikarabati choo cha uani. Alipaka chokaa ukuta wa mbele, na ukuta ule ulipendeza hata wapita njia wakausifia. Siku moja alinijia na suruali yake nyeusi ya zamani. “Baba, nipunguzie kiuno, nimekonda. Ni ya kuvaa kanisani.” Niliipunguza siku ileile.

Ilipobaki wiki moja binti yangu alikuja kibarazani wakati nashona, akavuta kigoda akakaa.

“Baba, kaka asije kanisani. Wala ukumbini.”

Nikasimamisha cherehani. “Hanywi sasa. Wewe mwenyewe unaona.”

“Naona. Hata kule Hanga hakunywa.”

“Ni kaka yako wa damu. Watu watauliza.”

“Waulize.” Hakupandisha sauti. “Nimepiga magoti kwa watu wa mtaa huu wote, baba. Kuna nyumba naogopa kupita mbele yake mpaka leo, na mimi sikufanya kitu. Nataka siku moja tu nisimame mbele za watu bila kungoja nani ataanguka juu ya nini. Wakwe zangu wote watakuwa pale. Siku moja. Halafu nitarudi kuomba radhi kama kawaida.”

Nilifikiri nimwambie habari za kusamehe. Maneno nilikuwa nayo, ya miaka mingi. Lakini nilimwangalia magoti yake, yaliyofunikwa na kitenge, nikaona aibu kuyasema.

“Umemwambia mama yako?”

“Mama amesema nikuulize wewe.”

“Basi nitamwambia kaka yako mimi,” nikasema.

Nilimkuta uani, anachanganya chokaa iliyobaki. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa maneno machache, kama mtu anayeng’oa jino. Aliendelea kukoroga kwa muda.

“Yuko sawa,” alisema.

“Si kwamba hakupendi.”

“Najua, baba. Yuko sawa. Mimi mwenyewe siwezi kujidhamini.” Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, “Naweza kumwomba radhi kabla hajatoka hapa? Sijawahi kumwomba yeye.”

Ilikuwa kweli. Tulizunguka mitaa yote, na hakuna aliyekumbuka kwamba katika nyumba yetu pia kulikuwa na mtu wa kuombwa radhi.

Asubuhi ya harusi, wakati mashangazi wako ndani wanamalizia mambo yao, alimngoja uani. Alikuwa amenyoa, amevaa ile suruali nyeusi na shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, ingawa alijua haendi popote. Dada yake alipotokea mlangoni na gauni lake, alipiga magoti kwenye vumbi. Alilitaja kosa lake waziwazi, kwa utaratibu uleule wa utotoni, bila kuficha. “Nimekufanya uone haya kwa ajili yangu. Nimekufanya uiname kwa watu. Naomba unisamehe.”

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti. Mama yake alikuwa nyuma yangu, amenishika koti. Nilingoja binti yangu amnyanyue. Angemgusa bega tu, ingetosha.

“Nimesikia,” alisema. “Inuka, kaka. Wageni watakuona.” Akashika gauni lisiburuze, akapita.

Aliinuka, akajipangusa magoti. Hakulia. Alitutazama mimi na mama yake akajaribu kutabasamu, kama anayetuonea huruma.

Kanisani, tulipoteremka kwenye gari na kina mama wakapiga vigelegele, nilimshika binti yangu mkono tukaelekea mlangoni. Nje ya uzio, mahali bodaboda wanapoegesha pikipiki zao, nilimwona mwanangu. Alikuwa amesimama kati ya waendesha pikipiki, wima kabisa, hajalewa, mikono ameiweka nyuma. Dada yake hakumwona, au hakutaka nijue amemwona. Kwaya ilikuwa imeanza. Paroko alikuwa amekwisha tokea kutupokea. Kulikuwa na nafasi ya mimi kunyanyua mkono, kumwita, au hata kumpungia. Nilitazama mbele nikaingia na binti yangu.

Misa ilipokwisha, hakuwepo pale. Nyumbani hakuwepo. Tulidhani amekwenda kulewa, na mke wangu alisema, Mungu amsamehe, kwamba ni afadhali amefanya hivyo mbali. Hakurudi usiku ule wala kesho yake. Simu yake ilikuwa imezimwa. Vilabuni nilikopita hawakuwa wamemwona. Mtu alisema amemwona kule Namtumbo akibeba matofali. Nilikwenda, wakaniambia amehama. Mwingine akasema yuko machimboni upande wa Tunduru. Jirani yangu wa korosho aliwauliza ndugu zake wote kule, bila mafanikio.

Binti yangu alipata mtoto. Anakuja kutuona Jumapili, analeta sukari na sabuni, anamheshimu mama yake na ananiamkia vizuri. Habari za kaka yake hazitaji. Safari moja mjukuu wangu alimmwagia uji mzee aliyekuja kututembelea, nikasema, kwa mazoea, “Haya, mwombe babu radhi.” Binti yangu alimchukua mtoto akamweka mapajani. “Ni uji tu, baba,” akasema, akaufuta mwenyewe. Sikurudia.

Mimi na mama yake bado tunasali pamoja jioni. Zamani nilikuwa naongoza kwa maneno mengi. Sasa tunasema sala za kitabuni, tukifika mahali pa kutaja nia zetu tunanyamaza, kila mmoja anajua mwenzake anataja nini, kisha tunaendelea. Sihisi kwamba kuna anayesikia. Nasali kwa sababu mke wangu ananingoja nianze.

Kiangazi kilichopita muumini mwenzetu anayefanya kazi Mbinga alinipigia simu. Alisema kuna kijana amelazwa hospitali, ameokotwa barabarani, hasemi, na kwa mbali anafanana na mwanangu. Nilifunga cherehani nikaondoka na basi la asubuhi. Njia nzima nilikuwa natafuta neno la kwanza la kumwambia. Nilitaka kusimama mlangoni pa wodi na kulitaja kosa langu bila kulipunguza, kisha ningoje.

Muuguzi alinipeleka mpaka kitandani. Hakuwa yeye. Alikuwa kijana wa rika lake, mrefu vilevile, midomo imepasuka. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa nafuu: huyu anayekufa si wangu. Nilisikia moyo umetulia kabisa, na kijana yule alikuwa ananitazama.

“Ni wako, mzee?” muuguzi aliuliza.

“Hapana.”

“Basi hatuna la kufanya. Tutaendelea kungoja.”

Nilinunua uji nje nikajaribu kumnywesha. Alimeza kidogo, mwingine ukamtoka. Nilikaa naye mpaka saa za kuona wagonjwa zilipokwisha, nikaaga, naye hakuitikia.

Nilipofika Lizaboni mke wangu alikuwa amekaa uani na ungo, anapukuchua maharage. Hakusimama.

“Ni yeye?” aliniuliza.

“Siye.”

Aliinamisha kichwa, akachukua ganda jingine, akaendelea kupukuchua. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikaanza kumsaidia.